Joistiki ya kurushia vyombo vya anga: nitengeneze ya zamani, ninunue mpya, au nihamie kwenye mbili?

MwanaKirumba

Habari za jioni, wakuu. Ninaomba ushauri wenu kabla ya Jumamosi, kwa kuwa shemeji yangu anarudi kutoka Ujerumani na ameniambia nimtajie mapema kitu cha kunibebea. Joistiki yangu, ambayo nimeitumia kwa miaka mitatu kurushia vyombo vya anga kwenye kompyuta, imeanza kwenda mrama. Ninaiachia kabisa na kuweka mikono magotini, lakini pua ya chombo inaendelea kugeuka polepole kuelekea kulia kama ngalawa iliyokatika nanga. Juzi nilikuwa mbele ya mlango wa kituo, nimeshalinganisha mzunguko wa chombo changu na mzunguko wa kituo chenyewe, zimebaki sekunde chache niingie, pua ikahama na ubavu ukagonga ukingo wa mlango. Shehena niliyoihangaikia jioni nzima ilipotea yote.

Ninazifikiria tatu: T16000M ya Thrustmaster, Gladiator NXT EVO ya VKB, au seti yenye mpini na wenzo wa kasi kama T.Flight Hotas X. Ipi itanifaa?

BintiPasiansi

Pole sana kaka kwa shehena, lakini umeomba dawa bila kutueleza ugonjwa. Unacheza mchezo gani? Umetenga kiasi gani? Mhimili unaohama ni upi: wa kuinua na kushusha pua, wa kubiringisha chombo, au ule wa kusokota mpini? Meza yako ina upana gani?

Ninauliza kwa sababu hizo tatu hazifanani. T16000M ina vihisi vya sumaku kwenye mihimili miwili mikuu, ila kusokota kwake kunategemea kifaa cha kawaida kinachosuguana. Gladiator inatumia vihisi visivyogusana, na springi zake unaweza kuzibadilisha mpini uwe mzito au mwepesi. Hotas X ni seti ya bei nafuu yenye mihimili mitano na vitufe 12, na inakupa wenzo mkubwa wa kasi uliojitenga na kitako cha mpini, ambao hizo nyingine mbili hazina. Anayecheza mchezo wa ndege za kawaida na anayecheza mchezo wa anga za juu hawawezi kupewa jibu moja.

FundiMakoroboi

Kabla hujamsumbua shemeji, jua kwanza kilichoharibika. Ndani ya joistiki nyingi za bei ya chini kuna kifaa ambacho sisi mafundi wa redio tunakiita volyumu: ulimi mdogo wa chuma unatambaa juu ya njia ya kaboni, na kompyuta inasoma pembe ya mpini kutokana na mahali ulimi ulipo. Mpini unakaa katikati muda mwingi kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo kaboni ya katikati ndiyo inayolika mapema. Kihisi cha sumaku hakina msuguano huo, kwa sababu sumaku inapita mbele yake bila kukigusa. Kanuni yenyewe iligunduliwa na Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879.

Fanya hivi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, kisha fungua sehemu ya majaribio na utazame alama huku hujagusa mpini. Alama ikitulia nje ya katikati, tazama springi au ulimi uliohama. Ikiruka unaposokota polepole, kaboni ina uchafu au imelika. Ikitetemeka bila kuguswa, shuku umeme kabla ya joistiki. Hapa kwetu ziwani nimefungua vifaa ambavyo ndani yake kulikuwa na tabaka la wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku, wamekauka na kugeuka vumbi jeusi lililoshikamana na grisi. Kifaa cha namna hiyo hakijafa, kinahitaji kusafishwa tu.

MwanaKirumba

Ahsanteni. Mchezo ni Elite Dangerous. Nimetenga shilingi laki nne. Mhimili unaohama ni wa kusokota. Hiyo miwili mingine iko sawa. Nimeongeza eneo lisiloitika, yaani sehemu ya katikati ya mwendo wa mpini ambayo mchezo unaipuuza, kwenye mipangilio ya mchezo hadi karibu robo, na sasa lazima nisokote sana ndipo chombo kiitike, halafu kinaitika kwa kishindo.

NahodhaNansio

Mimi ninakushauri seti yenye wenzo wa kasi, na nina sababu. Katika Elite Dangerous chombo kinageuka vizuri zaidi kasi inapokuwa karibu na katikati ya kipimo, pale palipowekwa alama ya buluu. Ukiwa na wenzo halisi mkononi unauweka hapo na mkono unakumbuka, huhitaji kutazama kipimo wakati adui yuko mgongoni. Nimeendesha boti yenye injini kati ya Nansio na Kisorya kwa miaka mingi, na ninawaambia kwamba mkono uliozoea wenzo haukubali vitufe. Wenzo unakaa pale ulipouacha.

NyotaMusoma

Ndugu Nahodha, hoja hiyo inafaa kwa boti na ndege, ila chombo cha anga kina miendo sita: kwenda mbele na nyuma, kuteleza kushoto na kulia, kupanda na kushuka, kisha kuinua pua, kuigeuza kando na kubiringika. Mpini mmoja wenye kusokota unabeba mitatu, na wenzo unabeba mmoja. Miwili inayobaki utaisukuma kwa vitufe, ambavyo havijui kidogo wala kingi. Kwa hiyo ninapendekeza joistiki mbili, ya kushoto kwa kusogeza na ya kulia kwa kugeuza. Wanaanga wa Apollo walipewa vishikio viwili kwa mgawanyo huohuo: wa kushoto ulisogeza chombo bila kugeuza pua, wa kulia ulikigeuza.

Tena usilichukulie jambo la kwenda mrama kuwa dogo. Tarehe 16 Machi 1966, katika chombo cha Gemini 8, injini moja ndogo ya kuelekezea ilikwama ikiwaka, na Neil Armstrong pamoja na David Scott wakazungushwa hadi kufikia takriban mzunguko mmoja kwa kila sekunde, kwa kuwa huko juu hakuna hewa ya kuupunguza mzunguko ulioanza. Ilibidi Armstrong atumie mfumo uliowekwa kwa ajili ya kurudi duniani ndipo chombo kikatulia. Ukizima usaidizi wa urukaji katika Elite, yaani kompyuta ya chombo inayokutulizia mwendo, msukumo mdogo wa joistiki mbovu unajilimbikiza kwa namna hiyohiyo.

NahodhaNansio

Nimekuelewa, ila mwenzetu hajasema kwamba anazima usaidizi wa urukaji. Akiuacha umewashwa, kompyuta ya chombo inatunza kasi aliyoiweka, na hapo wenzo unashinda. Halafu laki nne haiwezi kununua Gladiator mbili.

NyotaMusoma

Anaweza kununua T16000M mbili zilizotumika. Umbo lake linabadilishwa likafaa mkono wowote, kwa hiyo hahitaji kutafuta ya kushoto.

MzeeIgoma

Vijana wangu, kabla hamjamfikisha kwenye vifaa vilivyotumika, naomba nieleze yaliyonipata ili asije akayarudia.

Nilinunua joistiki iliyotumika kwa mtu niliyempata mtandaoni. Ilisafiri kwa basi, ikafika imefungwa kwa mfuko wa sukari na gundi ya karatasi. Siku za mwanzo niliona tu kwamba mkono wangu umekuwa mzito. Mpini ukiwa wima kabisa, chombo kilijikunja upande mmoja. Nikisukuma kidogo kushoto kiliruka, nikivuta kulia hakikuitika mpaka mpini ufike mwisho. Nilisawazisha kwa Windows mara nyingi. Katikati ilirudi mahali pake, lakini tofauti ya pande mbili ilibaki vilevile, na nilipoteza karibu miezi miwili nikiamini kwamba uzee umenifika kwenye vidole.

Mwishowe nilifungua skrubu nne za chini na kuinua kitako. Volyumu mbili zilikuwa za kiwandani, zimefungwa waya mwembamba. Ya tatu ilikuwa kubwa kuliko wenzake, imelehemiwa kwa risasi iliyovimba kama tone la nta, na ubavuni ina herufi A. Ilikuwa volyumu ya redio. Masikio yetu hayasikii ukubwa wa sauti kwa ulinganifu, kwa hiyo volyumu nyingi za redio zimetengenezwa zipande polepole mwanzoni na kwa kasi mwishoni. Joistiki inahitaji ile inayopanda sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho, na hiyo kwa kawaida hubeba herufi B. Fundi aliyeitengeneza aliona ukubwa wa namba unalingana, hakutazama herufi. Muuzaji nilipomwandikia hakujibu tena.

Kwa hiyo mwanangu, ukinunua iliyotumika, omba kwanza picha ya ndani ya kitako.

FundiMakoroboi

Shikamoo mzee wangu. Pole kwa usumbufu huo, na umetusaidia wengi kwa kuueleza. Ninaongeza jambo moja kwa heshima: herufi isiaminiwe peke yake, kwa sababu vifaa vya zamani vya Ulaya viliandikwa kwa utaratibu wa kinyume. Pima kwa testa. Weka ulimi katikati kabisa, kisha soma kutoka katikati hadi ncha moja na kutoka katikati hadi ncha ya pili. Vipimo vikilingana, kifaa kinapanda sawasawa. Kimoja kikiwa kikubwa mno kuliko kingine, kirudishe kwenye redio.

Nisingependa pia ieleweke kwamba kila fundi wa redio anabahatisha. Aliyezoea kupima atakibadilisha kifaa hicho kwa nusu saa.

MzeeIgoma

Marahaba. Sikuwalaumu mafundi wote, nimemlaumu yule ambaye hakupima.

BintiPasiansi

Nirudi kwa mwenye swali. Katika Elite vyombo vinageuza pua kando polepole sana. Rubani anabiringisha chombo kwanza, kisha anavuta mpini. Kusokota unakuhitaji hasa kwenye marekebisho madogo, kama kulenga au kuingia kituoni. Kwa hiyo unaweza kuuondoa mhimili wa kusokota kwenye mipangilio leo hii, ukaweka kugeuza pua kwenye vitufe viwili, na ukaendelea kusafirisha shehena bila kununua chochote. Mimi nilifanya hivyo kwa miezi mitano, na kuingia kituoni kulikuwa kugumu kwa wiki ya kwanza tu.

MwanaKirumba

Ninawashukuru wote. Nimejaribu vitufe na nimeweza kuingia kituoni mara mbili kati ya tatu. Ila kidole gumba kinachoka mapema, pengine kwa sababu mimi ninatumia mkono wa kushoto na mpini huu umechongwa kwa ajili ya mkono wa kulia.

BintiPasiansi

Kaka, hilo ndilo ulilopaswa kuliandika mstari wa kwanza! Hapo hesabu yote inabadilika. Gladiator inauzwa ya kulia na ya kushoto, kwa hiyo mwambie shemeji wazi anunue ya kushoto, la sivyo ataleta ya kulia kwa kuwa ndiyo inayoombwa na wengi. T16000M haina tatizo hilo, unabadilisha vipande vya mpini mwenyewe. Hotas X ningeiondoa kabisa, maana wenzo wake umepangwa kukaa kushoto, na wewe utaulazimisha mkono wako wenye ustadi ufanye kazi ya kusukuma kasi.

NahodhaNansio

Anaweza kuzitenganisha sehemu mbili za Hotas X akazipanga atakavyo mezani.

BintiPasiansi

Kuzitenganisha anaweza, mkuu, lakini umbo la mpini haligeuki.

FundiMakoroboi

Nina swali ambalo bado halijajibiwa. Joistiki umeichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta? Na ulipotazama joy.cpl, alama ilitulia au ilitetemeka?

MwanaKirumba

Alama inatetemeka, na pia imehamia kulia. Nimeichomeka kwenye kigawanyio cha USB chenye matundu manne, kisichokuwa na umeme wake. Kwenye kigawanyio hichohicho kuna feni ndogo, kwa kuwa chumba changu kinaangalia bati la jirani na mchana joto ni kali.

FundiMakoroboi

Mota ya feni inachafua umeme unaoisomea volyumu yako. Chomoa feni, chomeka joistiki nyuma ya kompyuta, kisha utazame tena.

NyotaMusoma

Wakati unasubiri, fikiria na ubao. Joistiki nyepesi inateleza mezani unapovuta kwa nguvu, na rubani anaanza kulaumu kihisi. Mimi nilimwendea seremala akanikatia ubao wa mninga wa upana wa mapaja yangu, nikafunga vitako viwili kwa skrubu, na tangu siku hiyo sijahitaji meza.

MwanaKirumba

Umeme ulikatika saa mbili usiku, umerudi sasa hivi. Nimechomoa feni na nimechomeka joistiki nyuma. Kutetemeka kumekwisha kabisa. Alama bado imekaa kulia kwa katikati, lakini sasa imetulia, na nikisokota hadi mwisho kushoto kisha nikaachia inarudi karibu na katikati. Nikisokota kulia na kuachia, inabaki kulekule.

FundiMakoroboi

Hiyo sasa inaonekana kuwa springi ya kusokota, au uchafu unaouzuia mpini kurudi. Ukifungua kitako, tazama kama mguu mmoja wa springi umetoka kwenye kijino chake. Usinyunyizie kitu chochote kabla hujaona kwa macho.

BintiPasiansi

Na shemeji anapanda ndege lini hasa?

MwanaKirumba

Ijumaa usiku. Bisibisi yangu haiingii kwenye skrubu za kitako, zina vichwa vya nyota. Kesho asubuhi nitapita Makoroboi.