Tupeane uzoefu: siku taa za barabarani zilipokutoa jasho

Mwana wa Kisosora
Wakuu, jioni hii nimetoka Kange kumsindikiza shemeji stendi. Narudi mjini, nafika kwenye taa, nyekundu, nasimama. Kijana wa bajaji nyuma yangu kapiga honi weee, kaona namchelewesha, kanipita kushoto taa ikiwa vilevile. Kuna mama alikuwa anavuka kamshika mtoto mkono. Aliruka nyuma mpaka kandambili moja ikabaki barabarani. Nimefika nyumbani magoti bado hayana nguvu. Tanga yetu tumezoea kipilefti na baiskeli, taa ni za kuhesabu kwa vidole, lakini hizo hizo chache zina visa. Wewe zilikutoa jasho lini? Tiririka.

Mama Chumbageni
Mume wangu gari ikisimama kwenye taa na yeye anasinzia. Siku hizi simwiti, namfinya.

Deiwaka wa Zamani
Changu kilinikuta Dar, Ubungo, kabla hawajajenga barabara za juu. Ndiyo kwanza nimetoka nyumbani na gari ya watu. Taa nyekundu, trafiki katikati ananipungia nipite. Nikagoma! Nilijua nyekundu ni simama, basi. Mabasi ya mikoani nyuma yananitukania mpaka bibi yangu. Trafiki akaja dirishani, "Umetoka wapi wewe?" Nikamwambia Tanga. Akacheka akasema, "Waja leo, na urudi leo."

Kiti Moto Hapana
Trafiki akiwepo unafuata mkono wake, taa unaiacha. Chuo cha udereva hukupita?

Deiwaka wa Zamani
Chuo changu ni mjomba na mchanga wa Sahare.

Baba Pili
Mmenikumbusha kitu ambacho hata mke wangu sijamsimulia vizuri. Sitaji taa gani, wenyeji mtajua.

Nilikuwa na Noah, automatiki. Nimesimama wa kwanza kabisa, mbele yangu hakuna gari. Simu ikaita mlio wa ujumbe, nikaiokota kwenye kiti. Ni picha tu, mtu kanitumia kiwanja cha Pongwe. Nikaanza kuikuza nione mipaka. Sasa gari ya automatiki iko kwenye D, mguu ukilegea kidogo kwenye breki inatambaa yenyewe. Pembeni yangu daladala ikaondoka, nikaiona kwa jicho la pembeni, nikajua tumeruhusiwa. Nikaachia mguu kabisa. Kumbe yule konda na dereva wake walikuwa wanaiba taa.

Nikasikia kishindo kidogo, kama mtu kapiga bati kwa kiganja. Nanyanyua macho, naona kofia. Kofia tu, ya kiua, iko juu ya boneti. Mwenye kofia simwoni.

Jamani. Pale sikujua naitwa nani. Nilishuka na simu mkononi. Mzee yuko chini, kakaa, mguu mmoja ndani ya fremu ya baiskeli, gurudumu la nyuma linazunguka tik-tik-tik. Alikuwa katoka soko la samaki la Deep Sea na tenga la samaki changu kwenye keria. Samaki wametapakaa mpaka kwenye mstari mweupe. Na watu, wale wale waliokuja kunipigia kelele "muuaji", wanaokota samaki wanatia kwenye vifuko!

Mzee akaniangalia mkononi, hakuniangalia usoni. Akasema, "Mwanangu, malizia kwanza kusoma." Halafu taa ikawa kijani ya kweli na wa nyuma wakaanza kupiga honi.

Mama Chumbageni
Subhanallah. Mzee aliumia?

Baba Pili
Kifundo kiliteguka, tulikwenda kupiga picha, mfupa mzima. Nililipa matibabu, baiskeli mpya, na tenga zima la samaki. Nyumbani tulikula changu wiki nzima, mimi hawashuki.

Kiti Moto Hapana
Samaki walishaokotwa, ulinunua wapi hao wa wiki nzima? Story ina matobo.

Baba Pili
Waliookotwa nao nililipia. Mzee aliwahesabu mmoja mmoja, ndugu yangu, na hasira zake.

Fundi Duga
Ukisimama kwenye taa weka N, gia huru, vuta hendibreki. Kesi imeisha.

Noah Mbovu
Fundi acha kuua giaboksi za watu. D mpaka N kila taa? Kanyaga breki, basi.

Fundi Duga
Giaboksi nimefungua mimi au wewe?

Boda Makorora
Wenye magari mna simu mkononi halafu kila siku lawama boda.

Mwana wa Kisosora
Boda nyinyi tangu faini ishushwe toka 30,000 hadi 10,000 taa mnaziona mapambo.

Boda Makorora
Elfu kumi wewe unaiona ndogo? Nilipie.

Macho Manne
Mimi tangu utotoni nyekundu na kijani kwangu ni mapacha. Naendesha kwa mpangilio: ya juu simama, ya chini nenda. Tatizo jioni jua likikaa nyuma ya taa, hapo naangalia wenzangu wanafanya nini.

Noah Mbovu
Ndicho alichofanya Baba Pili!!

Kiti Moto Hapana
Leseni ulipewa na nani wewe?

Mwalimu Mstaafu
Vijana, njano si "kanyaga uwahi". Njano ni simama, labda uwe umeshaukaribia mstari kiasi kwamba ukifunga breki utaleta ajali. Na hesabu hii: 50 kwa saa ni karibu mita 14 kila sekunde. Ukitazama simu sekunde mbili umeshakwenda mita 28 ukiwa kipofu.

Deiwaka wa Zamani
Kijani ikiwaka hesabu moja, mbili, angalia kulia na kushoto, ndiyo uondoke.

Boda Makorora
Hesabu mpaka mbili uone daladala itakavyokuingia kwenye buti.

Mama Chumbageni
Baba Pili, wale changu uliwakaanga au wa nazi? Na mzee mnaonana?

Baba Pili
Wa nazi. Tunaonana sana, baiskeli ile mpya. Akinikuta kwenye taa anagonga kioo kwanza, nimwoneshe mikono yote miwili haina kitu, ndiyo avuke.