Nataka kuingia Uhamiaji, lakini jina langu limeandikwa aina tatu kwenye vyeti

Binti_Wete
Asalaam aleikum. Mimi ni msichana wa Wete, Pemba, nimemaliza kidato cha nne na kozi ya kompyuta ya mwaka mmoja. Nilipokuwa mdogo nikifuatana na baba bandarini Mkoani kupokea mzigo, nikiwaona watu wa Uhamiaji wanafunua pasi za wageni ukurasa kwa ukurasa. Tangu hapo naitaka kazi ile, na sasa nasubiri tangazo. Naomba mnisaidie. Kitambulisho cha Mzanzibari kinatosha? Halafu jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa ni Khamis, kwenye cheti cha kidato cha nne ni Hamis, kwenye kitambulisho cha Taifa NIDA wameandika Hamisi. Baba anasema mtu ni huyo huyo, hakuna wa kunikataa. Na kuna mtu mtaani ananiambia bila ya laki tano sipati, yeye ana mtu wake ndani.

Mkaazi_Makoba
Waaleikum salaam dada. Hilo la pesa nakujibu mimi maana lilinifika. Nilitoa laki tatu, pesa ya karafuu ya mama. Yule bwana akanambia nisiombe mwenyewe, jina langu litapitishwa. Majina yalipotoka nikasoma orodha mara nne, simo, na simu yake haipatikani hadi leo. Kibaya zaidi, kwa kumsikiliza yeye sikutuma hata maombi. Kuomba ni bure. Usimpe mtu hata shilingi.

BiMstaafu
Binti yangu, nimestaafu 2022 nikiwa Mrakibu wa Uhamiaji. Nilianzia Konstebo, kwa hiyo njia yako naijua.

Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ni cha SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Ungekuwa unaomba vikosi vya SMZ, kama KMKM au JKU, hapo sawa. Uhamiaji na uraia ni mambo ya Muungano, yamo kwenye Katiba ya 1977, na idara iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Huko wanataka NIDA. Hicho cha Mzanzibari usikitupe, kwa sheha na kwenye afisi zetu utakihitaji.

Sasa jina, na hapa baba yako nampinga kwa heshima zote. Niliwahi kukaa kwenye meza ya kukagua vyeti vya vijana. Akaja mtoto wa Pemba, matokeo mazuri, mrefu, anajibu kwa adabu. Cheti kimoja Abdalla, chengine Abdullah. Tulimrejesha akatengeneze, na hadi anarudi muda ushapita. Nilimwona anavikunja vile vyeti taratibu, anavirudisha kwenye bahasha ya kaki, asiseme neno. Sijamsahau.

Watu wanadhani ule ni ukali tu. Mwanangu, herufi moja ndiyo kazi yenyewe. Ukikaa kaunta pale uwanja wa ndege, ndege imeshusha watu mia mbili, wote wamechoka, watoto wanalia, wewe unatazama kama jina la kwenye pasi ndilo la kwenye viza. Unatazama mgeni aliyepewa siku 90 anatoka siku ya ngapi. Unahesabu kutoka kwenye muhuri wa kuingilia, humwulizi yeye. Halafu uso. Mkubwa wangu wa kwanza alinifunza nisitazame nywele wala ndevu, nitazame masikio na nafasi baina ya macho, maana hayo hayaendi kwa kinyozi. Siku moja nilimshika kijana kwa sikio tu. Kwenye picha ndewe imeshikana na shavu, yeye yake inaning'inia. Pasi ilikuwa ya ndugu yake. Sasa mtu ambaye vyeti vyake mwenyewe vina Khamis, Hamis na Hamisi, atakaaje pale?

Fanya hivi. Cheti cha Baraza la Mitihani, hicho cha kidato cha nne, ndicho kigumu kubadilika, basi anza nacho, viwili vilivyobaki vikifuate. Cha kuzaliwa nenda Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na NIDA nenda afisi yao ya wilaya. Kwa sheha chukua barua kwanza. Anza wiki hii, usingoje tangazo, maana likitoka siku zinakuwa chache na afisi zinajaa.

Binti_Wete
Ahsante sana mama, Mungu akuzidishie. Mkaazi_Makoba, pole kaka, pesa ya karafuu inauma. Mama, baba ana hofu jengine, kwamba nitapelekwa bara mbali. Ni kweli?

BiMstaafu
Ni kweli, mwambie mapema. Utakubali kwa maandishi kufanya kazi popote Tanzania. Mafunzo siku hizi ni Boma Kichakamiba, wilaya ya Mkinga, Tanga. Hapo ni ng'ambo yenu tu, asihofu. Baada ya hapo hupangi wewe. Mimi nilipelekwa Rusumo, mpakani na Rwanda. Kile ni kituo cha pamoja, anayetoka Tanzania humaliza yote upande wa pili, kwa hiyo kila asubuhi nikivuka daraja la Kagera kwa miguu kwenda kugonga mihuri ya kutoka nikiwa ndani ya nchi ya watu. Miezi ya mwanzo nililia, baridi na upweke, hakuna samaki wa bahari. Kisha nikapata jirani, mama wa Kihaya, akanifunza kupika ndizi zao, na mwanawe hadi leo ananiita shangazi. Mwambie baba yako binti wa Kizanzibari alikaa kule miaka mitatu na akarudi na heshima yake.

Jambo jengine, anza kujifunza Kifaransa au Kitaliano hata kidogo. Na mwandiko wako ukoje? Sisi barua ya maombi tuliandika kwa mkono.

Binti_Wete
Mwandiko mzuri mama, skuli nilikuwa naandika ubaoni. Nimetoka kwa sheha sasa hivi, barua ninayo. Nilimsomea baba uliyoandika. Amenyamaza kidogo, halafu akaenda kutafuta kadi yangu ya kliniki kwenye sanduku la marehemu bibi. Humo ndani imeandikwa Hamis. Jumatatu tunakwenda pamoja.