Safari ya kwanza ya meli ya kitalii na marafiki: tupeane uzoefu

Mwanasafari
Wakuu, habari za siku. Nimerudi juzi kutoka safari yangu ya kwanza ya meli ya kitalii. Tulikwenda kundi la marafiki tuliosoma pamoja, na tumerudi tukiwa tunapendana vilevile. Nalisema hili kwa sababu kabla ya kuondoka kila niliyemweleza alinionya kuwa safari za pamoja huvunja urafiki. Naamini kilichotuokoa kilifanyika miezi mingi kabla ya kuona gati: tulikaa chini tukazungumza pesa bila kuoneana haya.

Bei inayotangazwa huwa ni ya mtu mmoja katika chumba cha wawili. Anayelala peke yake huongezewa, na mara nyingine nyongeza hukaribia nauli ya mtu wa pili. Kundi letu halikugawanyika kwa wawili wawili, kwa hiyo lazima mmoja angebaki peke yake. Tukakubaliana tuichangie nyongeza ile sote, asibebeshwe yeye. Halafu kila mtu akalipia nafasi yake kwa jina lake, moja kwa moja kwa kampuni. Hili nalisisitiza sana, kwa sababu tarehe ya kumaliza malipo huja mapema, miezi miwili au mitatu kabla ya safari, na anayejitoa baada ya hapo hukatwa zaidi kadiri siku zinavyokaribia. Ikiwa fedha zote zimepita kwa mtu mmoja, yeye ndiye atakayedaiwa na kulaumiwa.

Na kuna zile zisizo ndani ya nauli: bakshishi ya wahudumu, ambayo kampuni nyingi huiandika kwenye hesabu yako kila siku kwa kila kichwa, vinywaji, intaneti, matembezi ya nchi kavu, bima. Ziandikeni zote, kila mmoja aone jumla yake, ndipo aseme anakwenda au haendi.

Waliowahi kusafiri hivi, karibuni. Yaliyowapendeza na yaliyowasumbua, yote yaje.

Binti Mawimbi
Hongera sana, mkuu. Kwetu ugomvi ulikuwa wa vyumba. Wawili walitaka roshani ya kutazama bahari, mimi nilichukua cha ndani kisicho na dirisha na sijutii, maana chumbani nilikwenda kulala na kuoga tu. Giza lake ni zito kweli, huwezi kujua kama kumekucha, lakini usingizi wake mtamu.

Ambacho watu hawaambiwi ni kwamba meli haichezi sawa kila mahali. Omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, hupanda na kushuka kuliko katikati, na sitaha za juu huyumba kuliko za chini. Meli kubwa zina mapezi ubavuni, chini ya maji, ya kupunguza kulala upande, lakini ule mchezo wa mbele kuinuka na nyuma kuzama hayauwezi. Rafiki yetu aliyechukua roshani ya juu kabisa kule mbele alitapika usiku mzima bahari ilipochafuka, nasi wa katikati chini tulilala. Mwenye tumbo jepesi akae katikati, na dawa ameze mapema. Ukisubiri mpaka kichefuchefu kishike, hata kidonge chenyewe hakikai tumboni. Aulize daktari kabla ya safari, maana nyingine huleta usingizi na haziendani na kila dawa.

Mzee wa Sitaha
Vijana wangu, msipuuze zoezi la dharura. Januari 13, 2012, Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Walikuwamo abiria waliopanda jioni ileile, na hawakuwa wamefanya zoezi bado, kwa sababu kanuni za wakati huo ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Tangu 2015 kanuni za kimataifa zinataka lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Siku hizi meli nyingi hukuonyesha maelezo kwenye simu au runinga ya chumbani, kisha unakwenda kujionyesha kwenye kituo chako cha kukusanyikia wakati wa dharura. Nenda, tena uikariri njia kwa miguu yako.

Ishara ni honi fupi saba na moja ndefu. Kwa kundi la marafiki naongeza jambo moja: kubalianeni tangu siku ya kwanza kwamba ishara ikilia, kila mtu aende kituo kilichoandikwa kwenye kadi yake. Asiwepo wa kupanda na kushuka ngazi akimtafuta mwenzake. Mtahesabiwa hukohuko.

Msomi wa Viza
Naomba niseme la karatasi, kwa sababu nimeona mtu analia bandarini. Ratiba ilianzia Italia, ikapita Uturuki, ikamalizikia Ugiriki. Mwenzetu alikuwa na viza ya kuingia mara moja ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Italia na Ugiriki zikiwamo, Uturuki haimo. Meli ikienda Uturuki umetoka Schengen, na ukifika Ugiriki unaingia mara ya pili. Walimkatalia kupanda, na nauli haikurudi. Sisi wengine tukaondoka naye akabaki gatini na sanduku lake, na furaha ya siku mbili za mwanzo ilipotea kabisa.

Soma ratiba bandari kwa bandari, kwa paspoti ya kila mtu. Kundi lenye paspoti za nchi tofauti lina masharti tofauti, na yule asiyehitaji viza popote ndiye hasa husahau kuwauliza wenzake. Angalieni pia paspoti iwe na miezi sita mbele baada ya safari kuisha. Na fikeni mji wa bandari siku moja kabla. Ndege ikichelewa, meli haikungoji.

Kipepeo
Kuhusu kungoja: wanaochelewa wakiwa kwenye matembezi yaliyouzwa na meli yenyewe kwa kawaida husubiriwa, au kampuni hutafuta namna ya kuwafikisha. Waliotoka kivyao huachwa. Sisi tulipenda kutembea kivyetu, tukakubaliana kuwa gatini saa nzima kabla ya muda wa mwisho. Fuateni saa ya meli, siyo ya simu. Simu hujibadilisha ikishika mtandao wa nchi kavu, na meli wakati mwingine hubaki na saa yake.

Pale meli inapotia nanga nje na abiria hushushwa kwa boti ndogo, ongezeni muda zaidi, foleni za kurudi ni ndefu.

Rafiki wa Wote
Simu ziwekwe hali ya ndege mara mnapoondoka bandarini. Mtandao wa simu wa melini hupitia setilaiti na gharama yake inauma. Tumieni intaneti ya meli kama mmeilipia.

La vinywaji: kampuni nyingi hudai kwamba mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, kila mtu mzima wa chumba kile anunue pia. Basi asiyekunywa asipangwe na mnywaji. Na mikono ioshwe kwa sabuni na maji kabla ya kula. Dawa ya kupaka yenye spiriti haiviwezi vizuri virusi vya noro, na ugonjwa wa kuhara ukiingia chumba kimoja husambaa kundi zima.

Mgeni Njiani
Ahsanteni, najifunza. Swali langu: mnakuwa pamoja siku nzima?

Mwanasafari
Hapana, dada, tungechokana. Mchana kila mtu na lake: mmoja bwawani, mwingine na kitabu, wengine mjini. Chakula cha jioni ndicho kilikuwa cha wote, mezani pale pale, kila mtu na habari zake za siku. Ila meza ya pamoja haiji yenyewe. Kwa kuwa kila mmoja amelipia kivyake, piga kampuni mapema uwape namba zenu zote za nafasi, waziunganishe, na uwaombe meza moja na zamu moja ya jioni. Ukisubiri mpaka siku ya kupanda, utakuta zimejaa.