Mchungaji kasema Krismasi ni upagani, mama ananisubiri ibadani Mvumi. Nifanyeje?

Kijana_Nkuhungu
Wakuu habari za jioni. Mimi nimekulia Anglikana kule Mvumi, nimebatizwa na kipaimara nimepata, ila tangu nihamie Nkuhungu hapa Dodoma mjini nasali kwenye kakanisa kamoja ka kiroho hapa jirani. Jumapili mchungaji kasimama madhabahuni kasema anayeadhimisha Krismasi anaabudu jua, ni sikukuu ya wapagani wa Roma, haimo kwenye Biblia, na siku hiyo kanisa linafungwa tukae majumbani tufunge na kuomba. Sasa mama yangu anaimba kwaya, kitenge cha sare kashashona, kila siku simu "mwanangu unakuja lini", na mkesha wa tarehe 24 anataka nimpeleke na pikipiki. Hivi Mkristo kuiadhimisha Krismasi kiibada ni dhambi? Nipeni maandiko na historia, matusi bakini nayo.

Mlinzi_wa_Zamu
Mchungaji wako yuko sahihi asilimia mia. Soma Yeremia 10, mti unakatwa porini unapambwa kwa fedha na dhahabu, hiyo si Krismasi ni nini? Kaisari Aurelian alizindua hekalu la jua pale Roma mwaka 274, Wakristo wakaja kuibatiza tu jina sikukuu ya jua. Mitume hawakuiadhimisha, na wachungaji wa Luka 2 walikuwa wanalala makondeni, usiku wa Desemba kule Bethlehemu ni baridi kali. Nenda soko la Sabasaba tarehe 23 uone watu wanavyogombania viatu vya watoto na kuku, halafu uniambie Yesu yuko wapi hapo.

Mwl_AreaC
Mdogo wangu usiogope. Hiyo habari ya jua inasemwa sana ila wanaoisema huwa hawamalizii. Kumbukumbu ya zamani tuliyonayo inayotaja Desemba 25 kuwa sikukuu ya jua ni kalenda ya Roma ya mwaka 354, na kitabu hichohicho ndicho kinachotaja Desemba 25 kuwa siku aliyozaliwa Kristo, kwahiyo nani kamwiga nani hapo hata wanahistoria bado wanavutana. Halafu kuna njia nyingine kabisa ya kuifikia tarehe hiyo. Tertullian, mwandishi Mkristo, Mwafrika wa Carthage, kwenye mwaka 200 hivi aliandika kwamba Yesu alisulubiwa Machi 25, na baadaye askofu Augustino wa Hippo, naye wa huku huku Afrika, akaeleza kuwa Bwana alitungwa mimba tarehe ileile aliyokuja kufia, sasa hesabu miezi tisa kutoka Machi 25 unaangukia wapi? Sisemi ndiyo tarehe yenyewe, hakuna anayeijua, Waarmenia wao wanaadhimisha Januari 6 na Wahabeshi Januari 7 na wote ni Wakristo.

Ila Mlinzi nae ana pointi asidharauliwe. Wanaoikataa Krismasi wengi ni watu wa Biblia haswa, Bunge la Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali kule Uingereza, liliifuta mwaka 1647, na Massachusetts kule Marekani kuanzia 1659 hadi 1681 ukikamatwa unasherehekea unalipa faini shilingi tano. Scotland Krismasi haikuwa siku ya mapumziko ya kitaifa mpaka 1958! Mimi ninachokataa ni kumwambia mtu anaabudu jua wakati anaimba habari za Yesu. Warumi 14 Paulo kaliweka wazi, aadhimishaye siku anaiadhimisha kwa Bwana, kila mtu athibitike akilini mwake. Na Yohana 10:22 Yesu yuko hekaluni kwenye sikukuu ya kutabaruku, yaani kuwekwa wakfu hekalu, ambayo Musa hakuiagiza popote, mbona hakuondoka?

Dada_wa_Bahi
Nyie mna muda. Huku kwetu ikinyesha wiki hiyo ibada inapigwa asubuhi mapema, majembe yameegeshwa ukutani nje ya kanisa, ikifika saa nne watu wako shambani wanapanda mtama na uwele, pilau ni usiku kwa mwenye nayo. Hakuna aliyekatazwa wala aliyelazimishwa. Kaka mpeleke mama yako, kufunga na kuomba utafunga hata tarehe 27, mbona mchungaji kachagua siku hiyohiyo?

Mlinzi_wa_Zamu
Mwalimu ya kalenda nitaifuatilia. Ila Yeremia umemruka, nimekuona.

Mwl_AreaC
Sijamruka ndugu yangu. Soma mpaka mstari wa 5, yule wa Yeremia ni sanamu, wanaukaza kwa misumari usitikisike, hausemi wala hautembei mpaka ubebwe, na watu wanauogopa. Nani Dodoma hii anauogopa mti wa Krismasi? Wengi wetu hata mti wenyewe hatuna, sebuleni ni puto na taa za Kariakoo, na taa zenyewe Januari haziwaki.

Kijana_Nkuhungu
Asanteni wote. Mama naenda kumpeleka. Mchungaji nitamwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa watu.

Mlinzi_wa_Zamu
Mwambie mapema, na umsomee hiyo Warumi 14 yote mpaka mwisho, sio mstari mmoja.