Wanafunzi 60, mwanasesere mmoja: kamera na projekta zitumike vipi darasani kwa uuguzi (Bukavu)?

Mwalimu_Kadutu
Jambo kwenu wote. Mwaka wa pili uuguzi tuna wanafunzi 60. Vifaa vilivyopo: mwanasesere mmoja wa mtoto mchanga, ambu (mfuko wa kupumulishia kwa mkono) na maski zake, mkono wa plastiki wa kuchomea mshipa, projekta, kompyuta na simu za Android. Nikionyesha mezani, mistari miwili ya mbele inaona kazi. Waliobaki wanaona mgongo wangu. Nataka wafike stazhe, mazoezi ya hospitalini, mikono ikiwa imezoea. Nianzie wapi? Na umeme mnaujua wenyewe.

Mkunga_Ibanda
Mwalimu, anzia kwenye kamera. Ukiiweka mbele yako, mwanafunzi ataona kila kitu kimegeuka na akishika maski atachanganya mikono. Iweke juu ya bega lako, ili aone vile atakavyoona mikono yake mwenyewe. Tumia kamera ya nyuma ya simu. Gusa skrini penye kidevu cha mwanasesere na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, la sivyo mkono ukipita picha inafifia. Taa ya dari hung'aa kwenye glavu. Leta mwanga wa pembeni.

Onyesha mara ya kwanza kimya, kwa kasi ya kazi halisi. Mara ya pili polepole, ukieleza. Mara ya tatu wao wakutajie hatua, wewe ufanye wanachosema tu. Hapo ndipo utajua nani hajaelewa. Kisha zima projekta, wagawe sita sita. Wakati kundi moja liko kwa mwanasesere, mengine yawe kwenye mkono wa plastiki au kufungua na kuunga ambu.

Kila mmoja ampumulishe mwanasesere dakika moja huku mwenzake akirekodi kwa simu, waitazame papo hapo. Watafute haya: maski inafunika kidevu, mdomo na pua bila kugusa macho, shingo iko sawa, haikukunjwa wala kuvutwa nyuma mno, kwani vyote viwili huziba njia ya hewa, kifua kinapanda kila pumzi, pumzi ni 40 hivi kwa dakika. Kifua kisipopanda, mpangilio ni huu: rekebisha maski na kichwa, safisha mdomo na pua kama kuna ute, fungua mdomo kidogo, ndipo ukamue kwa nguvu zaidi. Wengi wanarukia la mwisho.

Programu ya mdundo kwenye simu inasaidia mwanzoni tu. Ukiiacha, mwanafunzi anafuata mlio na kusahau kifua. Hata kwa kukandamiza kifua cha mtu mzima, mdundo wa 100 hadi 120 kwa dakika hautamwambia kama ameshuka sentimita 5 hadi 6, wala kama ameacha kifua kirudi juu kabisa.

Fundi_Himbi
Naongeza upande wa vifaa, kutoka Goma. Simu nyingi za bei nafuu hazitoi picha kwa kebo ya HDMI, msinunue adapta kabla ya kujaribu. Unga simu kwa kompyuta kwa kebo ya USB, ruhusu «débogage USB» kwenye mipangilio ya simu, tumia scrcpy, programu inayoonyesha skrini ya simu kwenye kompyuta: ni ya bure, haihitaji intaneti. Kwa Wi-Fi picha huchelewa, na sauti yako itatangulia mikono.

Umeme: betri ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ina Wh (wati-saa) 1,200, ila usiishushe chini ya nusu. Projekta ya wati 250 na kompyuta ya wati 60, pamoja na kinachopotea kwenye konvertisa (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani), ni kama wati 360. Hiyo ni saa moja na nusu. Mkizima projekta wakati wa makundi, kama Mkunga alivyosema, inatosha asubuhi nzima. Tena, Goma na Bukavu ziko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na haipozi projekta vizuri: tafuteni kwenye menyu yake «haute altitude» (mwinuko mkubwa) muiwashe. Na safisheni kichujio. Vumbi letu la lava linakiziba upesi.

Mwalimu_Kadutu
Aksanti sana Mkunga, aksanti Fundi. Na kwa kateta ya mshipa, ule mrija wa plastiki unaoingizwa kwa sindano, kamera inasaidia nini?

Mkunga_Ibanda
Inasaidia pale pagumu kuonekana, mwalimu. Ikaribie kabisa, na kwenye mshipa wa plastiki tia maji yenye rangi nyekundu. Wanaingia kwa nyuzi 15 hadi 30, wanaona rangi ikirudi, wanalaza sindano, wanasogeza milimita 2 au 3 tena, ndipo wanasukuma mrija wa plastiki peke yake. Anayesukuma plastiki mara tu rangi inapotokea huikwamisha nje ya mshipa, maana ncha ya sindano imeingia lakini plastiki bado. Simamisha video hapo hapo waone. Sindano ikishatolewa hairudishwi ndani ya kateta, inaweza kuikata. Sanduku la vyenye ncha kali lifungwe likifika robo tatu, hata darasani.

Simu hizo zibaki darasani. Wodini hakuna kurekodi mgonjwa, hata mikono yake.