Tupeane uzoefu: soko la hisa limekutia adabu vipi?

Mchuma Karafuu (Chake Chake)
Assalaam alaykum. Uzi huu si wa "ninunue hisa gani". Nataka tuelezane namna tulivyojifunza kutulia, au tulivyoshindwa. Naanza mie.

Kwetu Pemba karafuu bei yake ni ya kupangwa: ZSTC, shirika la biashara la serikali, wanatangaza, unapeleka gunia kituoni, linapimwa, unalipwa. Nikaingia kwenye hisa na akili hiyo hiyo. Nikafungua akaunti ya CDS, ya kuwekea hisa, kwa dalali, nikaweka Hisa Kiganjani, programu ya soko la hisa la Dar, kwenye simu, pesa za msimu zote nikazitia kampuni moja. Mwezi wa pili bei ikaanza kuteremka. Basi ikawa kila saa nachungulia. Usiku mmoja tumekaa tunachambua karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, vidole vyeusi, mama akanitazama akasema, "Mwanangu, karafuu unazitia kwenye makonyo." Kweli, nusu pakacha.

Usiku ule ule nikaweka oda ya kuuza zote. Haikuuzika! Soko la Dar si Marekani, zipo kampuni zinapitisha siku nzima bila mnunuzi. Oda ikakaa karibu wiki 3. Ya kwanza nilitukana. Ya pili nikaanza kusoma hesabu za mwaka za kampuni yenyewe, jambo nililotakiwa kulifanya kabla ya kununua. Ya tatu nikaifuta oda kwa mkono wangu. Sidai kuwa nilikuwa na subira. Nilifungiwa mlango tu, nikatulia humo ndani.

Na kosa langu hasa halikuwa bei. Ile pesa ilikuwa ada ya mdogo wangu chuoni. Ilibidi nikakope kwa ami, na ami akikukopesha huhadithiwa mji mzima.

Mama Mwani (Paje)
Waalaykum salaam. Mie mwani nafunga kwenye kamba, wiki 6 navuna. Ilipofika wiki ya 6 nikampigia dalali: "Tunavuna lini?" Alicheka mpaka nikaona haya. Gawio la kwanza, yaani fungu langu la faida ya kampuni, likaja baada ya mwaka, limeshakatwa kodi asilimia 5. Lililobaki nikanunua doti ya kanga na nauli ya kurudia Paje. Kanga ile sijaikata mpaka leo.

Kijana wa Amani
Mie nilianzia kubaya. Kuna kundi la WhatsApp, jamaa anafundisha kuuza na kununua fedha za kigeni. Laki 8, siku 4, kwisha. Nyumbani nikasema nimeibiwa Darajani. Sasa nanunua hisa za elfu 50 kila mshahara. Hasara ilikuwa inauma lakini angalau kuna kitu kinatokea. Hii ya sasa inachosha, wallahi. Miezi inapita bei imelala tu. Kujizuia nisirudi kule ndiko kunakonishinda.

Mzee wa Baraza (Mkunazini)
Vijana, soko lilipoanza biashara Aprili 1998 lilikuwa na kampuni moja tu, TOL, ya gesi. Mie nilikuwa bandarini, tukacheka: soko gani lina muuzaji mmoja? 2008 serikali ikauza hisa za benki ya NMB, shilingi 600 moja. Rafiki yangu akanishika mkono, nikachukua kidogo. Risiti nikaitia kwenye kasha. Miaka imepita, tunahama nyumba, naikuta iko chini ya cheti cha ndoa, na bei imeshapita 2,000. Sasa wajukuu wananiita mwekezaji. Sikusubiri mie, nilisahau!

Mama Mwani (Paje)
Mzee, na riba?

Mzee wa Baraza (Mkunazini)
Hilo ndilo lililonifanya nimuulize sheikh wangu, kisha nikaziuza. Za bia sikugusa tangu mwanzo. Saa hizi nina saruji. Kuziuza zile ndiko kulikonitaabisha kuliko kungoja, maana bei ilizidi kupanda na mie natazama. Suala la halali lifungulieni uzi wake, hapa tutakesha.

Kijana wa Amani
Mchuma, zile hisa zako uliziuza mwisho?

Mchuma Karafuu (Chake Chake)
Ninazo. Mdogo wangu kashamaliza chuo, anasomesha skuli Wete. Ami nimemlipa. Bei asubuhi hii ni ile ile ya jana. Narudi usiku kuwasoma wengine, wingu limetanda na karafuu ziko majamvini.