Alhamisi Saa Tisa Dirisha Linafungwa

*Jumanne, 29 Julai 2025*

Salim (Kent, karibu na Seattle): Assalaam alaykum jamaa. Leo naomba mnisikilize, habari za arusi tutazirudia baadaye. Keshokutwa saa tisa alasiri ya huku dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa, na Mariners, timu yetu ya besiboli ya Seattle, besi ya tatu hatujapata mpigaji.

Shangazi Mwana (Mombasa): Waalaykum salaam. Mchango wa Rukia umetuma?

Salim: Shikamoo shangazi. Nimempa kaka Hamisi tangu Ijumaa.

Hamisi (Tukwila): Ninao. Nitatuma pamoja na wangu. Haya Salim, sema.

Salim: Tumempata Josh Naylor wa Arizona Alhamisi iliyopita, besi ya kwanza imepata mwenyewe. Alhamdulillah. Lakini palepale Arizona yuko Eugenio Suárez, mipira 36 ameshaipeleka nje ya uzio msimu huu. Mnamkumbuka, alikuwa wetu 2022 na 2023. Arizona wanauza, mkataba wake unaisha mwaka huu. Mimi nasema twende tukamchukue, na tuende leo.

Zainab: Nilijua tu ni Suárez 😂

Hamisi: Mimi sikubaliani. Tunachohitaji ni warushaji wa mwisho. Wetu Muñoz na Brash hawawezi kubeba kila usiku mpaka Oktoba. Gilbert aliumia, Kirby alianza msimu akiwa nje, Miller kiwiko. Warushaji wa kuanza wakitoka mapema, nani anamaliza mechi? Minnesota wana Jhoan Durán. Huyo ndiye wa kufukuzia.

Shangazi Mwana: Nielezeni mimi. Kwani hawauziani kwa pesa?

Salim: Pesa ni kidogo tu, shangazi. Huku unatoa watu. Timu iliyokwisha kata tamaa ya msimu ina nyota ambaye mkataba wake unakaribia kwisha. Ikikaa naye, ataondoka bure baada ya Oktoba. Kwa hiyo inamtoa sasa kwa timu inayowania ubingwa, nayo inapewa vijana wa ligi ndogo ambao watakuja kuiva baada ya miaka miwili mitatu.

Shangazi Mwana: Yaani Gor wakimtaka mtu wa Bandari hawatoi hela, wanatoa chipukizi watatu?

Salim: Ndiyo hivyo hasa.

Shangazi Mwana: Na huyo nyota akishaondoka mwisho wa msimu, nyinyi mmebaki na nini? Vijana mmeshawatoa.

Hamisi: Shangazi ameuliza swali langu.

Salim: Swali zuri, na nalijibu. Kaka usinikatize, naandika ndefu.

Salim: Timu hii ilianza 1977. Katika timu zote 30 ni sisi pekee ambao hatujawahi kufika World Series, fainali ya ubingwa. Sikusema kushinda, kufika tu. 2001 tulishinda mechi 116, tukatolewa na Yankees. Halafu miaka ishirini bila hata mechi moja ya mtoano. 2022 tukaingia. 2023 tukakosa kwa mechi moja. 2024 tukakosa kwa mechi moja tena. Mechi moja, jamaa! Sasa mwaka huu Cal Raleigh amepiga 38 nje kabla ya mapumziko ya katikati ya msimu, ya All-Star, na yeye ni mdakaji, mtu anayechuchumaa nyuma ya besi usiku mzima magoti yakiuma. Lini tena utaona mdakaji anapiga hivi? Warushaji wetu bado vijana na bado wetu. Mwaka kama huu ukiuacha upite kwa sababu unamtunzia kijana wa miaka 19, unamtunzia nini?

Zainab: Mlimwona Raleigh kule Atlanta kwenye mashindano ya kupiga nje? Baba yake ndiye anayemrushia, mdogo wake anadaka nyuma. Nilimpigia mama simu nikalia.

Salim: Nilimwona. Na Jumapili Ichiro ameingizwa Cooperstown, kwenye jumba la magwiji wa besiboli. Huyu ndiye mchezaji niliyefika Marekani nikamkuta, na amemaliza bila kucheza World Series hata siku moja. King Felix, mrushaji wetu wa zamani, naye hakuwahi hata kucheza mechi ya mtoano. Sitaki Cal aje amalize vilevile.

Hamisi: Hapo umenigusa. Lakini hesabu ni hesabu. Suárez 2023 alitolewa kwa kukosa mpira mara 214. Ndiyo maana tulimwondoa!

Zainab: 214 kweli. Na mwaka wa kabla yake 196.

Hamisi: Na uwanja wetu unaua mipira. Hewa ya baharini, usiku baridi, mpira unaopaa Arizona ukavuka uzio, hapa unadakwa. Akiwa kwetu alipiga 31 mwaka wa kwanza na 22 mwaka wa pili. Hizo 36 ni za Arizona.

Salim: 31 katika uwanja wetu unaona ni kidogo? Ben Williamson ana moja. Moja msimu mzima.

Zainab: Williamson anadaka lakini. Ule mpira wa polepole unaobingirika kwenye majani, anaufuata mbio, anauokota kwa mkono mtupu na kuutupa besi ya kwanza bila kusimama wima. Suárez hawezi tena hiyo, ana miaka 34.

Salim: Kweli hawezi. Tutapoteza kitu pale, sikatai. Lakini Williamson akija kupiga, mrushaji wa upande wa pili anapumzika. Ndicho kinachotuua. Mrushaji anamwogopa Cal, anampa besi ya bure, anamsubiri wa nyuma yake. Nataka nyuma ya Cal awepo Naylor, na nyuma ya Naylor awepo mtu ambaye ukimkosea mara moja mpira uko kwa mashabiki.

Ami Omar (Houston): Salaam wote. Nawasoma kimya. Jueni tu kwamba Paredes wetu wa besi ya tatu ameumia msuli wa nyuma ya paja. Na sisi tunatafuta mtu wa pale.

Salim: Umeona kaka? UMEONA? Tusipomchukua sisi, atakwenda Houston, na hao ndio walio juu yetu kwenye kundi.

Ami Omar: Sijasema ni yeye. Nimesema tunatafuta.

Hamisi: Na jana si amepigwa mpira mkononi kule Detroit? Alitoka kwenye mechi.

Zainab: Kidole. Vipimo havikuonyesha kuvunjika.

Hamisi: Kidole cha mpigaji! Unamnunua mtu wa miezi miwili, kidole kimevimba.

Salim: Nalijua hilo, limenikosesha usingizi. Madaktari wa timu ndio watasema. Ikiwa hakijavunjika, bado namtaka.

*Jumatano, 30 Julai 2025*

Hamisi: Durán ameondoka. Philadelphia.

Salim: Kwa nani?

Hamisi: Mick Abel mrushaji, na yule mdakaji mdogo, Eduardo Tait.

Salim: Tazama bei hiyo kaka. Vijana wawili kati ya wale wa juu wa Philadelphia kwa mtu anayerusha raundi moja kwa usiku. Kwetu ingekuwa vijana wetu, Colt Emerson, au Harry Ford na mwingine juu yake.

Hamisi: Durán ana miaka miwili zaidi ya mkataba. Ungemlipa bei hiyo ukakaa naye. Suárez ni wa kukodi.

Salim: Sawa, na ndiyo maana Suárez hawezi kugharimu Emerson. Hapo ndipo pangu. Mimi sisemi tutoe kila mtu. Emerson simtoi, kwa Suárez wala kwa nani. Ni shotstopu wetu, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, wa miaka kumi ijayo inshallah. Kade Anderson wa drafti ya mwezi huu, ile ya timu kuchagua vijana wapya, hatolewi hata ukitaka, kanuni inasema mpaka World Series iishe. Lakini wapo vijana ambao njia yao imeshazibwa hapa. Harry Ford ni mdakaji, na Cal amesaini miaka sita mwezi wa Machi. Tyler Locklear ni wa besi ya kwanza, na Naylor ameingia. Hawa ndio wa kutoa, na hata kwao ni heri, wakacheze kwingine.

Zainab: Locklear tulimwona Tacoma, timu yetu ya ligi ndogo, pale Cheney Stadium, Salim. Yule mpana wa mabega. Ule uwanja mdogo unasikia gongo likigusa mpira kabla hujaona umekwenda wapi.

Salim: Nampenda yule kijana. Lakini atacheza wapi? Naylor mkataba ukiisha labda. Huwezi kumweka Tacoma ukisubiri labda.

Shangazi Mwana: Hao vijana wanaulizwa?

Salim: Hawaulizwi shangazi. Anapigiwa simu usiku, kesho yuko mji mwingine.

Shangazi Mwana: Mke na watoto?

Salim: Wanamfuata. Mkongwe wa miaka kumi kwenye ligi, mitano ya mwisho katika timu moja, huyo anaweza kukataa. Au mkataba wake uwe umeandikwa hivyo. Wengine, basi.

Shangazi Mwana: Maskini. Mungu awasahilishie.

Hamisi: Salim nikukumbushe kitu. Oktoba 2022, mechi ile ya Houston.

Salim: Usinikumbushe.

Hamisi: Lazima. Raundi 18. Ilichukua muda wa saa sita na dakika 22. Mechi ya kwanza ya mtoano kwetu tangu 2001, na tulifungwa 1-0 kwa mpira wa Jeremy Peña. Warushaji wetu walifanya kila kitu, wapigaji hawakuleta hata alama moja. Sasa niambie, Suárez siku hiyo alikuwa wapi?

Zainab: Alikuwemo. Besi ya tatu.

Hamisi: Alikuwemo!

Ami Omar: Mimi nilikuwa macho usiku ule. Kusema haki mlistahili zaidi ya vile.

Salim: Ahsante ami. Kaka, ni kweli alikuwemo, na nimelifikiria sana jana usiku. Lakini soma hoja yako mwenyewe. Raundi 18 warushaji wametoa moja tu, na bado tumefungwa. Unataka niongeze warushaji? Siku ile Cal alikuwa anacheza na kidole gumba kibovu, Julio ndiyo kwanza mwaka wake wa kwanza. Suárez alitegemewa awe nguzo. Leo angekuwa wa nne katika safu: Julio, Cal, Naylor, yeye. Mtu huyohuyo akiwa wa nne ni kitu kingine kabisa. Na 2023 dirisha kama hili tulimtoa Sewald, mrushaji wetu wa kumalizia mechi, tukapata watatu wa kujaza nafasi. Tukakosa mtoano kwa mechi moja, na Arizona wakaenda World Series Sewald akiwa anawamalizia. Sitaki tena dirisha la kusitasita.

Hamisi: Hilo la Sewald sina jibu.

Zainab: Tumepata mrushaji wa mkono wa kushoto, Caleb Ferguson wa Pittsburgh. Kaka Hamisi umepewa chako.

Hamisi: Nusu ya changu. Lakini nashukuru.

Salim: Na Ke'Bryan Hayes ameenda Cincinnati. McMahon alishaenda Yankees wiki iliyopita. Wa besi ya tatu wanaisha sokoni.

*Jumatano usiku*

Zainab: SALIM

Zainab: SALIM PIGA SIMU

Zainab: Amerudi. Suárez amerudi Seattle!!!

Salim: Wallahi?

Salim: Nimeona. Nimeona. Alhamdulillah. Nani ameondoka? Niambieni si Emerson.

Zainab: Locklear, na warushaji wawili, Juan Burgos na Hunter Cranton.

Salim: Basi??

Zainab: Basi.

Hamisi: Subiri. Emerson yupo? Ford yupo? Montes, Farmelo, Sloan?

Zainab: Wote wapo.

Hamisi: Kwa bei hiyo ningemchukua hata mimi. Nimesema.

Salim: Kaka, nimefurahi mpaka mikono inatetemeka. Na Locklear namwombea. Arizona wametoa wa besi ya kwanza na ya tatu kwa wiki moja, kule atacheza kila siku.

Ami Omar: Hongereni. Kusema kweli mmefanya biashara nzuri. Sasa ngojeni yetu.

*Alhamisi, 31 Julai 2025*

Shangazi Mwana: Hapa ni saa saba usiku, dirisha limefungwa? Nimekaa macho kwa ajili yenu.

Salim: Limefungwa shangazi. Ahsante kwa kukesha. Nenda ukalale.

Ami Omar: CARLOS CORREA. Amerudi nyumbani!

Zainab: Nimeiona. Minnesota wamebomoa timu nzima.

Salim: Correa si mchezo. Alikuwa na kifungu cha kukataa, na kwenu amekubali. Mnampangia besi ya tatu?

Ami Omar: Ndiyo, Peña yuko shotstopu. Mwenye nyumba amerudi.

Hamisi: Mkataba wake ni mrefu lakini, mpaka 2028. Sisi wa kwetu tukishindwa Oktoba, tumeshalipa na yamekwisha.

Salim: Na kwa Suárez hatutapata hata nafasi ya fidia kwenye drafti akiondoka, kwa sababu amehamishwa katikati ya msimu. Kwa hiyo kila kitu ni miezi hii mitatu. Mimi nimeridhika. Williamson wanamrudisha Tacoma, nitakwenda Cheney kumwona, hastahili kusahauliwa.

Hamisi: Septemba tuna tatu kule Houston. Tarehe 19 hadi 21.

Ami Omar: Njooni mlale kwangu, wote. Nyumba ipo.

Salim: Nakuja ami. Zainab angalia tiketi za ndege za Alhamisi tarehe 18, mimi na wewe, na kaka kama atapata ruhusa kazini.

Hamisi: Ruhusa nitaomba kesho asubuhi.